Juu ya Jicho

Kata juu ya jicho linalotazama nje,
upana wa ukucha, mkasi umeinama kidogo
ili mvua iteleze, isitue kidondani.
Hilo nilifundishwa na baba yangu wa kambo,
mtu aliyetumia maneno kama chumvi ya mwisho wa mwezi.
Aliniachia hilo, na mkasi.

Bi. Gulshan hakupenda kuona.
Kila Alhamisi saa tatu alikwenda Parklands kwa dada yake,
nami nikingoja lango lifungwe
ndipo nivue koti.

Mawaridi yaliyolegea midomo kama watu waliokwisha kusema,
deizi zilizogeuka vifungo vya shati kuukuu,
jeraniamu,
agapantha zenye vichwa vikavu kama fagio la jikoni:
ta, ta, ndani ya ndoo.
Akirudi huuliza, "Makokha, maua yangu yamekwenda wapi?"
Namwambia, yanakuja, mama.
Hunitazama vile mtu humtazama mdeni.

Nasikia ng'ambo kuna theluji.
Huko theluji ndiyo mtunza bustani mkuu,
hushuka usiku mmoja, kila kitu chini,
mmea ukalala ukajua umelala.
Loresho haina huruma hiyo.
Julai hutuletea ukungu na kikohozi, basi,
na mmea wa hapa haujui uache lini.
Huchanua umechoka, huchanua unaugua,
kisha hushika mbegu,
na mmea ulioshika mbegu
hujiona umemaliza kazi ya dunia.
Lazima mtu audanganye.
Aukate kichwa, auambie: bado hujazaa,
jaribu tena.
Miaka kumi na tisa nimekuwa theluji ya watu
kwa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Lakini tawi lililokatwa si taka.
Mengine niliyatia kwenye gunia la unga,
nikavuka bonde hadi Kangemi,
nikayadunga katika mikebe ya Kimbo iliyotobolewa chini.
Nafula wa mlango wa pili alicheka:
"Wenzako huiba vijiko, wewe waiba mabua!"
Sikumjibu. Mwezi wa pili bua likatoa jani
dogo, jekundu, kama sikio la panya.

Bi. Gulshan alipofariki, watoto walikuja na ndege,
wakakaa siku tisa. Nyumba ikauzwa.
Tingatinga liliingia Jumanne
na halikuuliza jicho linatazama wapi.
Sasa pana mabati ya buluu kuzunguka shimo,
na ubao mkubwa
wenye picha ya bustani.

Nasreen, kitinda mimba, alinipigia simu kabla ya kusafiri.
Alitaka maua ya kaburini,
"yale ya nyumbani, kama yamebaki yoyote."
Nikamwelekeza: shuka sokoni, pita kinyozi,
ukiona ukuta umevaa mikebe, umefika.
Alifika na viatu vyenye tope.
Akagusa mkebe mmoja mmoja
kama mwalimu anayeita majina asubuhi.
Kisha akasema, bila kunitazama,
"Mama alijua."
Alijua nini?
"Alhamisi hakwenda popote. Shangazi alikwisha kuhamia Mombasa zamani.
Alikaa ndani ya gari pale konani, redio imezimwa,
mpaka umalize."

Nilitafuta la kusema, nikapata mkasi.
Sijawahi kukata ua lililo hai;
mkono wangu umezoea yaliyokwisha.
Nikakata mawaridi matano yenye umande bado.
La tatu lilinichoma, nikashukuru,
maana lilinipa sababu ya kusimama kidogo.
Yote niliyakata juu ya jicho.

Kesho yake chozi alikuja kwenye salvia ya mkebe wa chini,
ile ambayo nimeiacha ishike mbegu mwaka huu.
Ndege mdogo hivyo, mdomo kama sindano iliyopinda,
na jina lake
la kitu kingine.